Sura ya Sita: Unapokula Nizi

Watu wa Bunia wanaotaka kujua barabara ya Nizi imelalaje hawangoji tangazo la redio. Humtazama motari anayerudi kutoka huko amebeba nini. Akiingia mjini na kiroba cha kabichi, mbuzi amefungwa miguu nyuma ya tandiko na kuku wananing'inia kwenye usukani, basi njia ni njema na soko la Nizi limekaa. Akirudi mtupu katikati ya mchana, abiria wake amekumbatia begi tu, akina mama wa sokoni hupandisha bei ya maharage kabla hajazima pikipiki.

Nizi iko katika eneo la Djugu, mkoa wa Ituri, mwendo usiofika kilomita 40 kaskazini mwa Bunia, jirani na Iga Barrière, pale msafiri anapoamua ama kuendelea na barabara ya taifa namba 27 kuelekea Fataki na Mahagi, ama kukata kuelekea migodi ya Kilo na Mongbwalu. Ni nchi ya vilima vya majani, baridi ya asubuhi, ng'ombe na viazi vitamu. Ni nchi ya dhahabu vilevile, na kwa sababu hiyo karibu kila anayeandika juu ya sehemu hizi huandika juu ya dhahabu au juu ya waliouawa. Mimi naandika juu ya sahani. Dhahabu huondoka Nizi ikiwa imekunjwa ndani ya kipande cha karatasi mfukoni mwa mtu, na hakuna anayeiona ikipita. Chakula huingia kwa kichwa, kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa lori, mchana kweupe. Lolote linaloupata mji huu, la heri au la shari, linaonekana kwenye chakula kwanza.

Na chakula kinaonekana malewa. Malewa ndiyo nyumba ya kulia ya Mkongo asiye na muda wala pesa nyingi, ndugu wa mama ntilie wa Dar es Salaam na wa kibanda cha Nairobi. Miti minne, turubai jeupe ambalo mara nyingi lilianza maisha yake kama hema la wakimbizi, mabenchi mawili, meza iliyotandikwa plastiki ya maua. Nyuma kuna mbabula mbili au tatu za makaa na sufuria zilizoinamiana. Bugali umekwisha kusongwa tangu saa nne, umefungwa bonge bonge kwenye nailoni na kulazwa ndani ya termosi kubwa ili usipoe. Orodha ya vyakula haiandikwi popote. Unauliza:

"Mama, iko nini leo?"

"Iko sombe, iko maharagi, iko samaki ya Kasenyi. Nyama bado."

"Uniwekee samaki. Bugali mbili."

"Keti kwanza, mwanangu. Nawa mikono."

Hilo la mwisho halikuwa na uzito huu zamani. Zamani beseni moja la maji lilizunguka mezani kutoka mkono hadi mkono, na wa mwisho alinawa uchafu wa wenzake. Ndoo yenye bomba ililetwa na Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini ulivuka ukaingia Ituri, ukagusa Mambasa, Bunia na Mongbwalu, na haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Uliua zaidi ya watu 2,200. Miaka ile hukuweza kupita kizuizi cha barabarani, kuingia kanisani wala kukaa kwenye benchi bila kunawa maji ya klorini na kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Ebola ilikwisha, klorini ikaisha, ndoo ikabaki. Sasa kuna kipande cha sabuni ndani ya wavu, na malewa isiyokuwa na ndoo inapata wateja wachache. Katika misiba yote iliyopita hapa, huo ndio mmoja ulioacha kitu cha maana mezani, na waliokifanya kiwe desturi ni wanawake hawa, kwa sababu wao ndio walioendelea kujaza maji baada ya magari ya wageni kuondoka.

Sombe inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana wengi huila na wachache hufikiria kazi yake. Majani ya muhogo huchumwa yakiwa machanga, yale ya juu kabisa, kwa sababu ya chini ni magumu na machungu. Hutwangwa kwenye kinu pamoja na majani ya kitunguu, bilinganya na pilipili mbichi mpaka yawe laini. Kisha huchemshwa, na hapo ndipo penye siri. Majani ya muhogo yana sumu, ile inayotoa sianidi, na kutwanga kunaifungua ili moto uiondoe. Mama anayejua kazi huacha sufuria wazi ichemke kwa muda mrefu, mvuke utoke, maji yakauke, aongeze mengine, ndipo atie mawese na chumvi. Anayeharakisha huficha uchungu kwa mafuta mengi. Utamjua. Sombe yake inang'aa juu na kukwaruza kooni. Kwa hiyo sombe ya saa sita mchana imeanza saa kumi alfajiri, na mtu anayesema chakula cha malewa ni rahisi anasema habari za bei tu.

Mawese hayo hayatoki hapa. Nizi iko juu na kuna baridi. Michikichi inataka joto. Mafuta hupanda kutoka upande wa msitu, Komanda na Mambasa, kwenye madumu ya njano. Tangu mwaka 2021, wapiganaji wa ADF walipojikita upande wa Irumu na Mambasa na kuyachoma malori kwenye barabara ya Komanda, dumu la mawese limekuwa mzigo wa roho. Mtu anayekula Nizi anaweza asijue jina la kijiji kilichoshambuliwa jana umbali wa kilomita 100 kusini-magharibi, lakini sombe yake ikija bila ule wekundu wa kawaida, amekwisha kupata habari.

Samaki ana safari yake, na ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote kuisimulia kwa sababu inapita katika historia nzima ya Ituri ya karibuni. Anavuliwa Ziwa Albert, anapakuliwa Kasenyi au Tchomia. Wapo ngege na sangala wakubwa, na wapo samaki wadogo wanaoanikwa juani. Mkubwa akikosa barafu hupasuliwa mgongoni, hutiwa chumvi na kukaushwa. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za Wabelgiji, wakati samaki wa chumvi walipohitajika kwa wingi kulisha migodi. Kutoka ziwani gari hupanda ukuta wa bonde la ufa kwa kona zisizokwisha hadi Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hicho kilishambuliwa na watu wengi wakauawa; mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ikamtia hatiani Germain Katanga kwa uhalifu wa siku hiyo. Bogoro leo ni mahali madereva husimama kupoza injini na kununua mahindi ya kuchoma. Kisha Bunia, ambako samaki hubadilisha mikono. Kisha Iga Barrière. Kisha Nizi, ambako mama wa malewa humlaza kwenye maji usiku kucha na kumwaga maji hayo mara kadhaa ili chumvi ipungue, kabla ya kumtia kwenye nyanya na kitunguu.

Wakati wa amani familia za Bunia hushuka Kasenyi siku ya Jumapili kula samaki aliyetoka majini saa hiyo. Hayo ndiyo matembezi ya chakula ya mtu mwenye nafasi, gari limejaa watoto, na huzungumzwa wiki nzima. Mtu wa Nizi hana matembezi hayo. Yeye husubiri samaki amjie, na kila kizuizi njiani kimemega kidogo. Vizuizi ni vingi: vya askari, vya watoza ushuru, vya wenye silaha wasio na cheo chochote. Kila kimoja kinataka chake kutoka kwa motari, motari anakiongeza kwenye nauli, mchuuzi anakiongeza kwenye samaki, na mama hawezi kukiongeza chote kwenye sahani kwa sababu mteja wake hana. Anachofanya ni kumkata samaki vipande vidogo zaidi. Ukitaka kujua uzito wa vizuizi vya Ituri, angalia ukubwa wa kipande.

Ili kuelewa kwa nini mji mdogo hivi una malewa nyingi kiasi hiki, lazima turudi nyuma. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walipata dhahabu upande wa Kilo, na mwaka 1905 kuchimba kukaanza. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni kubwa ya Kilo-Moto, na Bambu, si mbali na Nizi, pakawa makao ya utawala wake. Kampuni ilihitaji mikono, na mikono ilihitaji kula. Vijiji vya Walendu, Wahema, Wanyali na wengine vililazimishwa kulima na kupeleka: maharage, mahindi, viazi vitamu, muhogo, na nyama kutoka kwenye mifugo ya nyanda za juu. Mfanyakazi alipewa posho, unga na maharage na chumvi na mawese na kipande cha samaki, kwa kipimo. Hakuna anayepaswa kuupamba wakati ule. Posho ilipimwa ili mtu aweze kunyanyua sururu kesho yake, na mwanamke aliyelima maharage yale hakuulizwa bei. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: aliyechukua dhahabu ndiye aliyewajibika kulisha.

Wajibu huo uliyeyuka polepole. Mwaka 1966 kampuni ikawa mali ya taifa kwa jina la OKIMO, na mwaka 2010 ikaitwa SOKIMO. Mishahara ikaanza kuchelewa, halafu ikawa haiji kwa miezi na miaka. Watu walioajiriwa wakawa na kazi bila chakula. Serikali ya Mobutu ilipowaruhusu raia kuchimba wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1980, maelfu waliingia mashimoni kwa koleo na karai. Nani aliwalisha? Hapo ndipo malewa ilipoota. Mke wa mfanyakazi asiyelipwa alipika sufuria moja zaidi na kukaa nayo kando ya njia. Kwa maoni yangu huo ni urithi mkubwa kuliko mashine zote zenye kutu zilizoachwa na kampuni: jiko la Kilo-Moto lilihamia mikononi mwa wanawake, bila mtaji, bila karatasi, bila shukrani.

Shimo la dhahabu lina mwenyewe, na huyo huitwa PDG, cheo cha mkurugenzi mkuu kilichotoka ofisini kikaingia matopeni. PDG ndiye anayewalisha wachimbaji wake wakati shimo bado halijatoa. Wiki hupita, wakati mwingine miezi, watu wanatoa udongo na maji tu. Siku dhahabu ikitokea, gharama za chakula hukatwa kwanza ndipo wagawane. PDG mwenye uwezo hununua magunia. Asiye na uwezo, na hao ndio wengi, huwapeleka vijana wake kwa mama fulani na kusema: hawa ni wangu, andika.

Mama anaandika. Nimeyaona madaftari hayo, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Majina si ya kwenye kitambulisho. Ni majina ya shimoni, mengine ya wachezaji wa mpira. Mbele ya kila jina kuna vijistari, kila kistari sahani moja, na herufi ya S kwa siku ya samaki kwa sababu samaki ni ghali kuliko maharage. Deni likilipwa, ukurasa huchorwa mstari mmoja kutoka kona hadi kona. Kurasa nyingi hazina mstari huo. Shimo likijaa maji, wachimbaji huhama usiku kwenda kujaribu bahati Mongbwalu au Mambasa, na daftari hubaki na mama. Wengine hurudi baada ya mwaka na kulipa. Nimeambiwa hivyo na zaidi ya mama mmoja, na kila mmoja alilisema kwa fahari, kana kwamba ni mwanawe aliyefaulu mtihani.

Malipo yenyewe wakati mwingine huja kwa dhahabu. Mzani ni mdogo wa kuning'inia, vikombe viwili vya bati kwenye kijiti, na mawe ya kupimia ni njiti za kiberiti na sarafu za zamani ambazo hakuna duka linalozipokea tena. Mnunuzi anafumba jicho moja, anapuliza vumbi, anaongeza njiti, anaiondoa. Mama amesimama pembeni na mwiko mkononi. Anajua njiti ngapi ni gunia la unga, na ukijaribu kumdanganya kwenye mzani atakukumbusha kwa sauti ambayo benchi zima litasikia. Wataalamu wa madini wakihesabu nani ametia mtaji kwenye mashimo ya Ituri hutaja wafanyabiashara wa Bunia na wa ng'ambo ya mpaka, Kampala na Dubai. Mwanamke aliyelisha watu kumi kwa miezi miwili bila kushika senti hatajwi. Anapaswa kutajwa wa kwanza.

Bei ya dhahabu duniani imepanda hadi mahali ambapo babu zetu wasingeamini. Oktoba 2025 aunsi moja ilivuka dola 4,000. Mtu wa mbali angedhani Nizi inakula vizuri zaidi. Kinachotokea ni kwamba vijana wanaacha shamba na kwenda shimoni, anayelima anapungua na anayenunua anaongezeka, na kiazi kitamu kinachoota mlimani mbele ya macho yako kinapanda bei pamoja na dhahabu. Viazi ulaya, vitunguu na karoti bado hushuka kutoka nyanda za Kpandroma na Nioka, mahali ambapo Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na ng'ombe. Njia ikiwa wazi, malewa za Nizi hukaanga chipsi. Njia ikifungwa, chipsi hutoweka na muhogo wa kuchemsha hurudi mezani, na vijana waliozaliwa baada ya vita vya 1999 hadi 2003 hulalamika kama watu waliodhulumiwa. Wana haki ya kulalamika.

Vijana hao wamebadilisha mengine pia. Chapati imevuka kutoka Uganda na kuja na yai lake, imekunjwa ndani ya karatasi, na kijana huila akitembea. Wazee hawapendi. Si kwa sababu ya ladha. Kula ukitembea kwao ni kumnyima mwenzako nafasi ya kukukaribia. Mandazi na maharage asubuhi hayajashindwa na chochote bado, wala uji wa soya, wala avoka na mkate. Mayai ya kuchemsha hupita kichwani mwa watoto, na pilipili yake ndani ya kifuniko cha chupa. Nganda, baa zenye nyama ya michopo na muziki, zipo, na bia ya Primus ipo mpaka barabara ikatike, kisha inabaki mandale ya nyumbani na kaikpo, pombe kali ambayo imeharibu nyumba nyingi kuliko ninavyotaka kueleza hapa.

Kula nje jioni kumekufa, au kumelala. Tangu Mei 2021 Ituri imekuwa chini ya hali ya kuzingirwa, mkuu wa mkoa ni mwanajeshi, na giza likiingia barabara huwa si ya raia. Zamani nganda zilianza kuwaka saa moja usiku. Siku hizi michopo hupakwa chumvi saa saba mchana, na saa kumi na moja mtu aliyekaa bado anaulizwa kwa upole kama hana kwake. Harusi hulishwa mchana. Hata ule mlo wa malipo ya dhahabu, ambao PDG huwanunulia vijana wake mbuzi mzima, umehamia saa sita. Vita vimeacha watu wakila nyama ya sherehe kwenye jua kali, haraka, pikipiki zimeelekezwa upande wa kutokea.

Nyama yenyewe ina swali lake. Djugu ni nchi ya ng'ombe, na katika kila duru ya mapigano ng'ombe wameswagwa kwa makundi. Kwa hiyo nyama ikishuka bei ghafla Nizi hakuna anayefurahi waziwazi. Watu hutazamana. Huulizana kwa sauti ya chini: ng'ombe wa nani? Nimewahi kukaa kwenye benchi ambapo mzee mmoja aliambiwa bei, akasukuma sahani kidogo, akaomba aletewe maharage. Hakueleza. Mama hakuuliza, na alimrudishia chenji yote.

Mji huu ulishambuliwa Oktoba 2002, ndani ya vita vya 1999 hadi 2003 ambavyo viliua, kwa makadirio, zaidi ya watu 50,000 Ituri. Vikatulia, na Desemba 2017 mauaji yakaanza tena Djugu, yakazaa kundi la wapiganaji la CODECO na makundi yaliyojipa kazi ya kupambana nayo. Kufikia 2022 waliokimbia makwao katika mkoa huu walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Wengi walipiga kambi pembeni ya miji kama hii, na miji ikabadilika sura. Mtu aliyekuwa na shamba la maharage sasa ananunua maharage kwa kikombe. Msaada wa chakula ulipofika, unga wa mahindi na dengu za njano na mafuta yenye vitamini ziliingia mpaka malewa, kwa sababu familia iliyopewa dengu ilihitaji sabuni na ada ya shule, ikauza. Baadhi ya wafadhili walikasirika. Mimi sioni kosa. Mtu aliyekimbia na nguo moja ana haki ya kuamua kwamba leo mtoto ataoga. Akina mama wa malewa walijifunza kupika dengu zile kwa mawese na kitunguu kingi, na kwa muda fulani zilikuwa ndicho chakula cha bei nafuu kuliko vyote. Mgao ulipopunguzwa, dengu zilipotea Nizi kama zilivyokuja.

Sasa nifike kwenye benchi lenyewe, maana kwangu ndilo jambo kuu. Benchi la malewa ni fupi. Watu wanne hukaa wamegusana mabega. Wahema wa kaskazini, wale wanaoitwa Wagegere, husema Kilendu, lugha ileile ya Walendu waliopigana nao. Kwa hiyo sikio pekee halikuambii nani ni nani. Wengi hula wakisema Kiswahili. Lakini watu wa hapa wanajuana kwa familia na kwa kilima, na kila mtu anajua amekaa karibu na nani. Miezi mibaya, malewa hugawanyika kimya kimya: hawa wanakula kwa huyu, wale kwa yule, na mama mmoja hujikuta na sombe iliyobaki. Miezi mizuri, mtu anavuka barabara na kwenda kukaa kwa mama wa upande wa pili kwa sababu tu anapika samaki vizuri. Mikataba ya amani ya Ituri imetiwa saini mingi, huku na huko, na watu wa heshima wamepigwa picha. Mimi naamini zaidi kuvuka huko kwa barabara. Mtu hamezi chakula cha mtu anayemwogopa. Na mama, ambaye amewahi kuzika, ndiye anayeanza: anapakua, anasogeza sahani, anasema karibu.

Hafanyi hivyo kwa wema mtupu, na sitaki msomaji amfanye malaika. Ana biashara. Mwenye malewa mmoja hawezi kununua gunia zima la unga kwa bei ya leo, akingoja wiki barabara ifunguke. Kwa hiyo wanawake hujiunga kwenye likelemba: kila mmoja hutoa kiasi kilekile kila siku ya soko, na zamu kwa zamu mmoja huchukua chote. Katika kikundi ninachokifahamu wamebadilisha matumizi ya pesa hizo. Habari za barabara zikiwa mbaya, yule ambaye zamu yake imefika haendi kununua kitenge wala kuezeka nyumba. Pesa zote hununua unga na samaki wa chumvi siku hiyohiyo, vinawekwa kwenye nyumba yenye mlango wa chuma, na kila mwanachama huchota kwa bei ya kununulia. Ndani ya kikundi hicho kuna wanawake wa pande zote mbili. Walipoulizwa kwa nini, mweka hazina, mama wa makamo ambaye huuza maharage na hushika daftari vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua, alisema kwamba wenye njia ya kuelekea ziwani wana samaki, wenye njia ya kuelekea milimani wana maharage, na hakuna mteja anayekuja kula kimoja peke yake. Kisha akaendelea kuhesabu noti za franka, zile chakavu akizitenga upande, kwa sababu muuza unga wa Iga Barrière hazipokei.